Mama Mkwe Anapiga Kasia

Malinya,
12 Januari 2025

Kwa mkwe wangu Weldon, Baba Tyson,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Huku tu wazima. Mvua imekataa, lakini mboga za kando ya mto bado zipo. Natumaini kifua cha Tyson kimetulia, na kwamba kazi yako ya jimu hapo Kakamega inaendelea vizuri.

Mashine ya kupiga kasia ilifika Ijumaa. Vijana wa pikapu waliiweka sebuleni, pale kabati la marehemu mzee lilipokuwa, na mkeo Emily akaifunga kama ulivyomwelekeza. Asante sana. Sikutegemea kwamba jimu yenu ikinunua mpya ungenikumbuka mimi kwa hii ya zamani.

Unajua daktari wa mifupa alichosema. Magoti yamelika, nisikimbie tena, hata mteremko wa mtoni niupunguze, lakini pia nisikae tu. Sasa mimi nimefundisha michezo maisha yangu yote ya kazi, na kabla sijaolewa nilikimbia mita mia nane hadi ngazi ya mkoa. Kukaa sijui. Halafu kanisani wakasoma tangazo la mashindano ya wazee yatakayofanyika Kakamega mwezi wa nane, kwa mashine kama hii, mita elfu moja, wanawake wa miaka sitini na zaidi. Nimejiandikisha kabla hata ya kujua kuikalia. Usimwambie mtu.

Nimejaribu mara mbili na mgongo unaniuma kama mtu aliyelima shamba la mwingine. Mwalimu wa mashine hii ninayemjua ni wewe peke yako, na wewe ni mkwe wangu. Kwenu Likuyani na kwetu hapa jambo hili ni moja. Hatupeani mkono, hatukai chumba kimoja, sembuse mimi kunyoosha miguu mbele yako. Sisi tunaita tsisoni, ile aibu ambayo ndiyo heshima yenyewe. Emily anacheka, anasema watu wa siku hizi wameacha hayo. Mimi sijaacha, na najua wewe pia hujaacha.

Kwa hivyo nimeona tuandikiane. Emily akishuka kutoka kazini Lumakanda mwisho wa wiki atapitia hapa na kubeba barua. Nifundishe kama mtu asiyejua chochote.

Ni mimi mama mkwe wako,
Zipporah Awinja


Kakamega,
19 Januari 2025

Mama,

Natumaini barua hii itakukuta na nguvu. Sisi tuko salama, Tyson amepona na ameanza kusumbua tena. Nimefurahi kwamba mashine ilifika bila kuvunjika.

Nimeandika barua hii na kuirarua, nikaandika tena. Kazini huwa naonyesha kwa mikono, sijazoea kueleza kwa maneno. Tena kuna sehemu za mwili ni lazima nizitaje, kwa hivyo unisamehe kabla.

Pembeni ya feni, lile gurudumu la upepo lililo mbele ya mashine, kuna kidude chenye namba hadi kumi. Nadhani umekiweka kumi. Kiweke tatu. Watu wengi hufikiri namba kubwa ndiyo mazoezi, kumbe inavunja mgongo tu. Nguvu hutoka kwa miguu yako.

Funga mikanda ya miguu ipite pale vidole vinapoanzia. Shika kishikio kwa vidole, kama unavyobeba ndoo, usikikabe. Ukiwa mbele, mikono iwe imenyooka na mwili uinamie mbele kidogo kutoka nyongani, mgongo usijikunje. Kwa sababu ya magoti yako usije mbele kabisa. Ukiona visigino vinataka kuinuka sana, simama hapo.

Sasa sukuma kwa miguu. Miguu peke yake. Mikono na mgongo vingoje. Kishikio kikipita magoti, ndipo mgongo ufunguke kurudi nyuma kidogo. Mwisho kabisa mikono ivute, kishikio kifike chini ya mbavu. Kurudi ni kinyume: mikono inyooke kwanza, mwili uiname, halafu magoti yakunjike. Miguu, mgongo, mikono. Mikono, mgongo, miguu. Mgongo wako unauma kwa sababu unaanza nao.

Fanya polepole, kiasi kwamba unaweza kuimba ubeti wa wimbo bila kukata pumzi. Ukifanya leo, kesho pumzika. Mwili wa mtu mzima hujijenga siku ya kupumzika.

Siwezi kuja kukutazama, na picha ya video sitaki Emily aniletee. Lakini anaweza kunirekodia sauti. Feni hiyo inasema yote.

Mkwe wako,
Baba Tyson


Malinya,
16 Februari 2025

Mkwe wangu Weldon,

Habari za huko? Sisi tunamshukuru Mungu, mvua imenyesha na watu wanatayarisha mashamba.

Namba tatu. Niliona kama unanichezea, lakini mgongo umeacha kuuma. Nimekuwa nikijiambia kwa sauti, miguu, mgongo, mikono, mpaka Mama Andati jirani akachungulia dirishani akaniuliza ni sala gani hiyo. Alipoona mashine akasema, "Mwalimu, unakuwanga na hii kitu peke yako hapa ndani?" Nikamwambia ndiyo. Akaondoka bila kuaga. Najua kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa umejua, na Jumapili nilikaa kiti cha nyuma kanisani.

Emily amerekodi sauti kwenye simu yake. Alitaka kurekodi na picha nikamkataza. Sikiliza uniambie ukweli, mimi si mtoto.

Mama mkwe wako,
Zipporah


Kakamega,
23 Februari 2025

Mama,

Tunakusalimu sote. Nimesikiliza ile sauti nikiwa stoo peke yangu, nikairudia mara nyingi.

Kusukuma kwako ni kuzuri. Feni inaanza chini na kupanda vizuri, haikatiki, maana yake miguu na mgongo vinapokezana. Tatizo ni kurudi. Nasikia kiti kinakimbia na kugonga mbele. Unarudi kama mtu aliyesahau ugali jikoni. Kurudi ndiko kupumzika kwako. Ukisukuma kwa hesabu ya moja, rudi kwa hesabu ya mbili. Kiti kikija mbele bila kelele, utakuwa umeelewa.

Kuhusu mavazi ya kufanyia mazoezi, kuna jambo nilitaka kuandika lakini nimeshindwa. Emily atakueleza.

Mkwe wako,
Baba Tyson


Malinya,
1 Aprili 2025

Mkwe wangu,

Je, hamjambo? Mimi sijambo, mahindi yameota vizuri na magoti yananisahaulisha umri. Nimeteremka mtoni na kupanda bila kushika mti.

Barua hii nampa Maina wa dukani kwa kuwa anakuja Kakamega kuchukua bidhaa, na Emily hatakuja mwisho wa wiki hii, shule yao ina mkutano wa wazazi. Kiti hakigongi tena. Nimeanza kupenda ile sehemu ya kurudi. Wakati ule feni inanguruma peke yake na mimi sifanyi chochote, nasikia kama nateleza.

Lile la mavazi Emily aliniambia. Alisema, "Weldon anataka uvae vizuri kwa mashine." Niliona aibu sana, mkwe wangu. Sikujua habari za nguo zangu zimefika huko. Labda Mama Andati alisema kitu. Nilikuwa navaa sketi ya kawaida, yenye kufika katikati ya muundi. Tangu siku hiyo navaa ile ndefu ya kanisani, na juu yake najifunga leso. Hata mtu akichungulia hataona kitu. Ondoa wasiwasi.

Mama mkwe wako,
Zipporah


Kakamega,
14 Aprili 2025

Mama,

Natumaini maumivu ya mkono yamepungua na plasta haikubani. Barua hii pia nimempa Maina, sitaki ipitie kwa Emily.

Yaliyotokea unayajua, lakini upande wangu nataka uusikie kutoka kwangu.

Barua yako ya mwisho nilipewa siku iliyofuata, mchana. Nilipofika pale pa sketi ndefu na leso, nilisimama. Nilichotaka uambiwe ni kinyume. Nguo inayoning'inia huingia chini ya magurudumu ya kiti. Nilitaka uvae suruali, au nguo ya kubana. Ningeandikaje neno hilo kwa mama mkwe? Nikamwambia Emily kwa kuzungukazunguka, yeye akakufikishia alivyosikia. Nilikupigia simu, haikushika. Nikaomba ruhusa kazini, nikachukua boda hadi Malinya.

Nilipoingia uani nilisikia feni. Nikapiga hodi. Naona hukusikia. Halafu nikasikia kitambaa kikichanika, na wewe ukaanguka. Mlango ulikuwa wazi. Nilikuona sakafuni, mkono uko chini yako, leso imemezwa na kiti, na nguo yako haikuwa mahali pake. Ukasema, "Uwii, mkono."

Nikageuka, nikatoka.

Mama, kazi yangu ni kuwainua watu. Mwaka jana mama mkubwa kuliko wewe alizirai pale jimu, nikamshika mikononi mwangu mpaka akafumbua macho, na sikuwaza chochote. Wewe nilikuacha. Nilijiambia natafuta mwanamke wa kukusaidia. Kwa Andati kumefungwa. Nyumba ya pili imefungwa. Wote walikuwa wameenda mazishi. Kila mlango niliokuta na kufuli niliambiwa na moyo, rudi. Sikurudi. Nilifika hadi uwanja wa kupiganisha mafahali ndipo nikakutana na Mama Andati akitoka mazishini, nikamwambia umeanguka. Nilimfuata mpaka kwenye ua, nikasimama nje. Nikasikia ukimwambia, "Nilikuwa peke yangu, hakukuwa na mtu." Nikaondoka.

Hayo hayo ndiyo uliyomwambia Emily, na Mama Andati naye amekunyamazia. Mimi pia nimenyamaza. Emily hali chakula. Jana usiku aliniambia, "Mama yangu alilala sakafuni kama mtu ambaye hakuzaa." Nilikuwa nimekaa hapo mbele yake na chai mkononi.

Nisamehe. Na kama utakubali, niruhusu nimwambie.

Weldon


Kakamega,
19 Mei 2025

Mama,

Salamu nyingi. Emily ananiambia plasta imetolewa na unaweza kushika kikombe. Nashukuru.

Hukunijibu, na sikulaumu. Ningekuwa wewe nisingejibu.

Naandika kwa sababu Emily amekata shauri kuacha kazi Lumakanda aje akae na wewe. Barua ya kujiuzulu ameshaiandika, iko kwenye mkoba wake. Anasema akikuacha tena peke yako hatajisamehe. Hajui kwamba siku ile hukuwa peke yako.

Kama mwisho wa mwezi utafika bila neno kutoka kwako, nitamwambia mwenyewe. Nilitaka ujue kabla, usije ukasikia kwa njia nyingine.

Weldon


Malinya,
25 Mei 2025

Mkwe wangu Weldon,

Amani iwe kwako na kwa nyumba yako. Usishangae mwandiko wangu. Vidole bado ni vigumu, na sitaki mtu mwingine aniandikie haya.

Sikujibu kwa sababu kila nilipokaa kuandika nilijiona nilivyokuwa pale sakafuni, na nikajua wewe pia unaniona. Nilitaka usahau. Mtu hawezi kumwandikia mwenzake barua ya kumkumbusha jambo analotaka alisahau.

Unasema uliniacha. Ngoja nami nikueleze upande wangu. Niliona viatu vyako mlangoni. Nikafumba macho, kama mtoto, eti nisipokuona nawe hutaniona. Nikaomba, Mungu, aende. Ukaenda. Nilisikia hatua zako zikiisha uani, na ule mkono ukaanza kuniuma kweli kweli, na hapo nikaomba, Mungu, arudi. Niliomba yote mawili na yote mawili nilimaanisha. Nilikushukuru na nikakulaani, na nilikuwa bado nakulaani Mama Andati alipoingia. Ndiyo sababu nilisema hakukuwa na mtu. Labda unafikiri nilikuficha kwa wema. Haikuwa wema tu. Nilitaka pia kukufuta.

Lakini mtoto wangu kuacha kazi, hapana. Mimi ndiye niliyemsomesha ualimu.

Jana alipokuja nilimkalisha chini nikamwambia yote, la leso na la viatu vyako. Nilidhani atalia. Akasema, "Kwa hivyo nyinyi wawili mtaheshimiana mpaka mmoja afe." Akatoka nje, akaosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi. Jioni akarudi ndani, akachana ile barua ya kujiuzulu akaitia motoni. Bado amekasirika. Ukimwona leo usijitetee.

Baadaye alimwita Mzee Were, kaka ya marehemu mume wangu, akamuuliza mbele yangu kama jambo hili halina mlango wa kutokea. Mzee akasema upo siku zote, ila vijana hawaulizi na wazee hawasemi. Mkwe analeta mbuzi na blanketi, mama mkwe anapika, watu wa pande mbili wanakaa wanakula, na hapo mnapeana mkono. Baada ya hapo mnaweza kukaa chumba kimoja kama watu.

Njoo Jumamosi ya tatu ya mwezi wa sita. Uje na mjomba wako wa Likuyani, usije peke yako.

Mama mkwe wako,
Zipporah


Kakamega,
29 Juni 2025

Mama,

Natumaini umepumzika baada ya wageni. Mjomba bado anasifu ile ingokho, anasema kwao kuku hawana ladha hiyo.

Mimi sikuonja chochote. Nilikuwa nangojea ule wakati. Mzee Were aliposema tupeane mkono, nilikuwa na jasho nikafuta kiganja kwa suruali, na nikaona nawe unafuta chako kwa leso. Ulipounyoosha ulikuwa ule uliovunjika. Nilitaka kuutazama kama mfupa umeunga sawa, nikaona aibu, nikatazama ukuta. Mzee aliposema tumemaliza, sisi sote wawili tulibaki tumeinama. Emily alikuwa akitutazama kama watu tuliopotea njia.

Nikadhani nikifika nyumbani itakuwa imeisha. Haijaisha. Labda mbuzi hufungua mlango tu, kuingia ni juu ya mtu mwenyewe.

Umeniambia kupitia Emily kwamba unataka kurudi kwenye mashine, na kwamba amekununulia suruali. Nimefurahi. Anza chini ya pale ulipoachia, dakika chache tu, kishikio kibebwe na vidole, mkono ukiuma acha. Usitafute spidi. Tafuta ule mtelezo wa kurudi uliouandika.

Kuhusu mashindano. Mita elfu moja hudanganya. Mwanzoni utaona ni nyepesi na utataka kuwafuata walio kando yako. Usiwafuate. Mita mia mbili za kwanza ziwe za kujizuia. Katikati kaa kwenye miguu. Mtu akichoka huwa anaacha miguu na kuvuta kwa mikono, na hapo ndipo wazee wengi huumia.

Kila mshindani anaruhusiwa mtu mmoja wa kumsimamia na kumkumbusha. Naweza kumtafuta mwenzangu wa jimu, mama mmoja mzuri, akusimamie. Au niwe mimi. Utakavyosema.

Mkwe wako,
Baba Tyson


Malinya,
24 Agosti 2025

Mwanangu Weldon,

Nakusalimu, na uwasalimie wote. Tulifika salama jana jioni. Mapaja yananiuma hata nikiwa nimekaa, lakini magoti hayasemi kitu.

Tulipokuwa ukumbini hatukuongea, na uliponisindikiza hadi kwenye gari palikuwa na watu. Kwa hivyo naandika.

Ulipokuja kusimama kando ya mashine yangu, kama nilivyomwagiza Emily akwambie, nilikuwa tayari nimeketi, na ile suruali, na fulana yenye namba mgongoni. Hujui nilivyotamani kurudi nyumbani. Watu wamejaa, mchungaji yupo, wanafunzi niliowafundisha, watu wazima sasa, nao wapo. Halafu wewe ukanigeuzia mgongo. Ukasimama ukitazama mlango, mikono nyuma, ukasema kwa sauti ya chini, "Mama, nitasikiliza." Nilishukuru. Nilijua unanitunzia heshima yangu, na yako.

Mwanzo nilijizuia kama ulivyoniagiza. Yule mama wa Likuyani aliyeshinda alitoka kama mtu anayefukuza ng'ombe shambani, nikamwacha aende. Ulikuwa unasema bila kugeuka, "Kiti kiko sawa. Miguu. Sawa." Nilipofika katikati niliwapita wawili. Nikafurahi, na furaha hiyo ndiyo iliyoniharibu. Nikaanza kukimbilia mbele, pumzi ikakatika, mgongo ukajikunja, na mimi mwenyewe nikasikia kiti kinagonga. Nikavuta kwa mikono tu. Kwenye kioo cha mashine zilikuwa zimebaki kama mita mia tatu na sikuweza kukumbuka kitu kinachotangulia kingine. Nikawaza, naacha.

Hapo uligeuka.

Ulipiga magoti kando ya reli ya kiti ukanitazama usoni. Mimi nikiwa mdomo wazi, mate yananitoka, jasho limelowesha fulana yote, miguu imetanuka. Hakuna mwanamume aliyewahi kuniona hivyo, hata marehemu. Ukasema, "Mama, mimi niko hapa. Miguu kwanza." Nilitaka kufumba macho, Weldon. Sitakudanganya. Nilitaka kuyafumba kama siku ile. Lakini nikifumba sioni kioo. Basi nikakutazama, nikasukuma. Ukasema tena, nikasukuma. Tulienda hivyo mpaka mwisho, na macho yako yalikuwa mekundu kuliko yangu.

Nilikuwa wa nne kati ya saba. Miguu ilikataa kusimama, na niliona mikono yako imeinuka nusu, ikabaki hewani, hujui uilete au uirudishe. Ndipo nikakwambia niinue. Najua uliniinua mbele ya kanisa zima. Najua Mama Andati atasema. Leo ibadani nilirudi kukaa mbele, uso unawaka moto mwanzo hadi mwisho, sikusikia hata mahubiri.

Aibu sijaimaliza, na sidhani kama nitaimaliza. Lakini Jumamosi ijayo njoo unisahihishe ule mwisho, pale nilipokunja mgongo. Njoo mchana, mlango utakuwa wazi. Nitakuwa nimevaa suruali.

Emily ananiambia alipiga picha wakati ule uliponishika kwapani. Nimekataa kuiona. Mwambie asiitume kwenye grupu ya familia, wala asimwonyeshe Mzee Were.

Lakini asiifute.

Mama yako,
Zipporah Awinja